Fundo la Mjomba Severin

Nasibu alimsukuma Angelina kutoka juu ya rundo la magunia asubuhi kweupe, jua limewaka, watu wanaona. Asije mtu akasema aliteleza. Hakuteleza. Buti la Nasibu lilimpata kiunoni, akaporomoka tumbo mbele, akatua juu ya chuma cha mzani.

Ngoja kwanza, maana habari hii ukiianzia kwenye buti, wapo watakaosema huyo mwanamke hakuwa na akili ya kujikinga. Akili alikuwa nayo. Tena alijikinga kwa namna aliyofundishwa na wakubwa zake, na hapo ndipo alipoponzeka.

Angelina ni mtu wa Mgeta, kule juu Uluguru, kwenye matuta ya kabichi na njegere. Alishuka mjini Morogoro kufuata kazi, akaipata kwenye kinu cha kukoboa mpunga pembezoni mwa mji. Kazi yake ilikuwa kubeba magunia ya pumba kutoka mdomoni mwa mashine na kuyapandisha kwenye rundo. Mumewe, Anselmi, alikuwa akikata miwa upande wa Turiani, nyumbani anakuja mwezi ukiisha. Mimba mbili zilikwisha kumtoka Angelina kabla ya hii. Ya tatu ilipoingia alipanda Mgeta bila kumwambia mtu, akaenda moja kwa moja kwa Severin, kaka wa mama yake.

Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, lukolo lwa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Baba anapendwa, anaheshimiwa, analishwa kuku, lakini kauli ni ya mjomba. Mjomba Severin alikuwa mtu wa kanisa, mwimbaji wa kwaya mwenye sauti nzito, rozari haimtoki mfukoni. Lakini kwenye jambo la mimba zinazotoka alifuata ya wazee wake, na padri alijua, akanyamaza. Alisokota uzi mweusi, akauzungusha kiunoni mwa mpwa wake, na kabla ya kukaza fundo akatia kitu kidogo ndani yake. Angelina alikatazwa kuangalia.

"Mimba hii nimeifunga," mzee akamwambia. "Usiitaje kwa mtu wa nje, awe nani awe nani. Mtoto akianza kucheza, njoo, nimsikie kwa mkono wangu. Baada ya hapo tangaza utakavyo. Ukitaja kabla, umemfungulia mlango mwenyewe."

Basi akafunga mdomo. Hata kliniki hakwenda, kwa sababu kliniki ni kutaja.

Sasa tazama mambo. Miezi ya nyuma alikuja mtu wa chama cha wafanyakazi, akawakusanya chini ya bati wakati wa chai. Akawaambia kwamba sheria ya ajira inamkataza mwajiri kumpa mjamzito kazi ya hatari kwake au kwa mtoto, na kama ipo kazi nyepesi ya kumfaa basi ahamishiwe huko. Ila aseme. Ofisi itajuaje asiposema? Wanawake walipiga makofi, wakarudi kazini. Angelina aliyasikia yote na aliyakumbuka. Lakini sheria ya serikali ilikuwa inamlinda anayesema, na ya mjomba ilikuwa inamlinda anayenyamaza, na yeye alikuwa ameshazika wawili. Akachagua ya mjomba. Nani angemlaumu?

Alichofanya ni kumwendea Nasibu, nyapara wao, akamwomba amhamishie kwenye kushona magunia. Wanaoshona wanakaa.

"Mgongo unaniuma, kaka Nasibu."

"Mgongo unamuuma kila mtu humu ndani," Nasibu akasema. "Mimi mwenyewe unaniuma kwa kuwabeba ninyi wavivu. Rudi kwenye pumba."

Huyo Nasibu alikuwa kuli zamani, alibeba magunia hapo hapo mpaka akapewa filimbi na daftari la zamu. Ungedhani mtu aliyebeba angemhurumia anayebeba. Thubutu. Alikuwa mtu wa kupiga ngumi ukutani akikasirika, na ukuta usipokuwa karibu alipiga mtu.

Aliyegundua ni Raya. Raya alikuwa mtu wa Tanga, mwembamba, mdomo hauna breki, kazi yake kushona midomo ya magunia kwa shazia, ile sindano ndefu ya chuma iliyopinda kidogo kwenye ncha. Alimwona Angelina anatafuna udongo wa pemba kwa kujificha nyuma ya mashine.

"Wewe una mimba," akamwambia. "Sema upewe kazi ya kukaa."

"Sina."

"Midomo imejaa udongo, halafu unaniambia huna. Haya, ficha. Mimba na moshi havifichiki, mama."

Angelina alicheka, akajifuta midomo. Wiki ile ile mtoto alianza kucheza. Alimsikia akiwa amejilaza, kagonga kidogo upande wa kushoto, katulia, kagonga tena. Alilia kwa furaha peke yake chumbani. Jumamosi angepanda Mgeta, mjomba aweke mkono, na Jumatatu aingie ofisini kichwa juu, aseme.

Ijumaa ndiyo siku ya buti.

Lori lilikuwa mlangoni na mwenye kinu alikuwa amepiga simu akifoka. Nasibu akapanda juu ya rundo akawa anakimbiza watu kwa filimbi na matusi. Angelina alishapandisha magunia mengi aliposikia kitu kinavuta chini ya kitovu, kwa nguvu, kama mtu anakamua nguo. Alijua kinachovuta hivyo, alikwisha kukisikia mara mbili. Akalitua gunia, akamsogelea Nasibu kule kule juu, akasema kwa sauti ya chini lile aliloapa kutolisema.

"Kaka Nasibu, nina ujauzito. Miezi mitano. Naomba nishuke nikae."

"Leo ndio unaniambia? Lori liko mlangoni."

"Sheria inasema mjamzito asibebe."

Neno sheria ndilo lililomwasha. Huyu mbeba pumba, mla kabichi wa milimani, anamfundisha sheria mbele ya watu.

"Sheria nenda kamwambie aliyekupa mimba," akasema, na buti likaenda.

Sauti ya mwili kwenye chuma cha mzani iliwafikia hata waliokuwa nje. Nasibu alishuka akiruka magunia, akamkuta amejikunja, akampiga kofi, akampiga la pili. "Inuka. Maigizo hayo kafanye kwenu." Angelina hakuinuka. Damu ilikuwa inapita kwenye khanga, inalowesha pumba chini, nyingi, nyeusi. Raya aliliona hilo kabla ya wote. Alikuja na shazia mkononi, akamchoma Nasibu kwenye paja mpaka sindano ikazama nusu. Nasibu alinguruma, akageuka, akampiga ngumi ya mdomo. Raya akaanguka akitema meno.

Hapo ndipo mtu yule alipopata akili ya shetani. Aliitazama damu akajua atafungwa. Kisha akaona, khanga ya Angelina imefunuka, uzi mweusi kiunoni na fundo lake. Akainama, akaunyakua kwa nguvu mpaka ukamchana ngozi, akaunyanyua juu.

"Njooni muone. Ametumia dawa za kienyeji. Ametoa mimba humu humu kazini, halafu anasingizia gunia."

Na linalouma zaidi ni hili. Pale ndani walikuwepo wanawake karibu ishirini, wamesimama na magunia yao, wameona buti, wameona makofi. Hakuna aliyefungua mdomo. Kazi ni kazi, na watoto nyumbani wanakula.

Hospitali walimwokoa yeye. Mtoto hawakuweza. Muuguzi mmoja alimnong'oneza kwamba alikuwa wa kiume, akamfunika, akampeleka, na Angelina hakumwona tena. Alipofumbua macho vizuri alimkuta askari wa kike amekaa kando ya kitanda, Sajenti Upendo, mtu wa Kanda ya Ziwa, mpole wa sauti na mgumu wa uso. Kwenye mfuko wa nailoni alikuwa na ule uzi.

"Kliniki hukuwahi kwenda," Sajenti akasema. "Kazini hukuwahi kusema. Mimba ya miezi mitano unaificha ya nini, kama hukutaka kuitoa?"

"Nilimwambia Nasibu."

"Nasibu anasema hukumwambia. Huyo Mtanga anayesema kaona ukisukumwa, ana kesi ya kumchoma mtu na sindano, yuko mahabusu. Wengine wote hawakuona kitu. Nani kakupa dawa hii?"

Angelina akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Nisikilize dada yangu. Mwanamke anayejitoa mimba, sheria inampa mpaka miaka saba. Anayemtoa mwenzake inampa mpaka kumi na minne. Nitajie aliyekufunga uzi, nitakuombea."

Kumi na minne. Mjomba Severin alikuwa na miaka sabini na kitu, kifua kinabana akipanda mlima. Angelina aligeuza uso ukutani. Maziwa yalikuwa yameanza kumtoka, yanalowesha gauni la hospitali, na hakuna aliyemwambia afanye nini nayo. Wote walimuuliza habari za dawa. Anselmi alikuja mbio kutoka Turiani na majivu ya miwa kichwani, akazuiwa mlangoni, akalia kule kule nje.

Alipoweza kusimama walimtia pingu, mikono mbele, wakampeleka kinuni aonyeshe tukio lilivyokuwa. Nasibu alikuwepo, anachechemea, amejishikiza kwenye bambo, kile chuma chenye ncha wanachochomea gunia waone mchele wa ndani. Alimwonyesha Sajenti kila kitu kwa bidii. Hapa alikaa anakunywa kitu kwenye chupa. Hapa alianza kushika tumbo. Hapa alijilaza mwenyewe. Wanawake walikuwa wamepangwa ukutani, wanatazama vidole vya miguu yao.

Mzee Severin akaingia mlangoni. Alivaa koti lake la kwaya, viatu vimejaa udongo mwekundu wa mlimani. Alikuwa ameshuka na gari la kabichi, ameuliza hospitali, ameuliza polisi, mpaka akafika.

"Shikamoo mjomba," Angelina akasema, na pingu zikalia alipotaka kumpa mikono.

"Marahaba, mwanangu." Aliitazama ile mikono kwa muda. Kisha akamgeukia Sajenti. "Mama askari, huo uzi nimeufunga mimi."

"Mjomba, nyamaza," Angelina akasema. Alikuwa amevumilia yote ili neno hilo lisisemwe.

"Umenyamaza wewe inatosha. Mimi ndiye niliyekufunga mdomo, na sasa naufungua." Akanyoosha mikono mbele ya Sajenti. "Nifunge. Lakini kwanza fungua hilo fundo, uone kilichomo."

Sajenti akautoa uzi kwenye mfuko wa nailoni, akaomba shazia kwa mmoja wa washonaji, akafumua fundo kwa ncha. Ndani kilikuwemo kipande kikavu cheusi, kidogo kuliko punje ya mahindi.

"Kitovu," mzee akasema. "Cha huyu huyu Angelina. Kilipodondoka, dada yangu alikikausha akanipa nikitunze, maana mimi ndiye mjomba. Mtoto aliyekuwa tumboni nilimfunga kwa kitovu cha mama yake ili asiondoke. Wewe umezaliwa na mwanamke. Anayetaka kutupa mtoto anajivalisha hicho?"

Sajenti alikitazama kile kipande kwenye kiganja chake. "Mzee, mimi nimekuelewa. Mahakama haitakielewa hiki. Itataka mtu aliyeona."

"Basi niache niulize kikwetu."

Nasibu akacheka. "Hii ni kazi ya serikali au ngoma ya Waluguru?"

Sajenti akamwambia mzee aulize.

Severin alikwenda mpaka penye mzani, damu ilipofutwa vibaya ikabaki rangi yake kwenye sakafu. Milimani kila mtu anajua maana ya mjomba kusimama hapo. Anauliza mara tatu. Aliyeona akanyamaza mpaka ya tatu ipite, damu ile inahama, inamfuata kwenye nyumba yake, kwenye tumbo lake na tumbo la binti yake. Waliotoka Uluguru kati ya wanawake wale walikuwa zaidi ya nusu, na walishaanza kuhema.

"Mtoto wa lukolo lwangu amekufa hapa. Nani kamuua?"

Kimya.

"Nani kamuua?"

Mwanamke mmoja akaanza kulia kwa sauti ya chini. Nasibu akapiga bambo chini. "Atakayebwabwaja leo, kesho asije kazini."

Mzee alivuta pumzi ya mara ya tatu, na hakumaliza kuitoa.

"Nasibu." Aliyesema alikuwa Neema, msichana wa Matombo, mbeba pumba. Alikuwa ameshika tumbo lake kwa mikono miwili, na hapo wote wakajua naye alikuwa anaficha. "Alimsukuma kwa buti. Angelina alimwambia ana mimba, nilisikia kwa masikio yangu. Akamsukuma."

"Nilimwona," mwingine akasema. "Akampiga na makofi."

"Uzi aliunyakua yeye kiunoni kwake."

"Chupa hakunywa. Hakukuwa na chupa."

Zilikuwa sauti nyingi sasa, zinapandana, kila mmoja anawahi kuitua damu ile. Nasibu alizisikia kwa muda mfupi tu. Akainua bambo akamwendea Neema, ncha mbele, usawa wa ile mikono miwili. Sajenti alikuwa mbali, na askari wake alikuwa mlangoni anasoma simu. Aliyekuwa karibu ni mzee. Alijitupa katikati na koti lake la kwaya, na chuma kikamwingia chini ya shingo, kikatokea nyuma ya bega.

Alikaa chini taratibu juu ya pumba, kama anayetafuta pa kupumzika. Alitaka kusema kitu, ikatoka damu.

Angelina hakukumbuka baadaye alivyofika. Alikumbuka uzito wa pingu tu. Aliinua mikono yote miwili juu ya kichwa, akaishusha usoni mwa Nasibu, chuma na nguvu zote alizobebea magunia miaka yote ile. Mfupa wa pua ulivunjika. Akaishusha tena, jicho likapasuka. Nasibu alianguka, naye akamfuata chini akapiga, akapiga, maziwa yanamtiririka kifuani, hasemi neno. Wanawake walifanya duara. Askari aliyetaka kupita hakupata pa kupita, maana wabeba pumba wana mabega. Sajenti Upendo ndiye aliyepenya mwishoni, akamkumbatia kwa nyuma, akamvuta, na wote wawili wakaanguka juu ya magunia wakitweta.

Mjomba Severin alifia pale pale, kichwa chake mapajani mwa Neema. Walimzika Mgeta mvua inanyesha, kwaya yake ikaimba bila sauti yake nzito, na Angelina hakuwepo. Alikuwa mahabusu.

Mtu wa kwanza kuingia kinuni baada ya msiba alikuwa Neema. Alisimama mlangoni mwa ofisi, mlango wazi, akasema kwa sauti ambayo hata mashine haikuifunika, kwamba ana ujauzito wa miezi mitatu na anataka kazi ya kukaa. Akapewa kiti cha Raya na shazia yake. Raya aliachiwa, akarudi akakuta kiti kina mtu, akasema kikaliwe tu, yeye atatafuta kingine.

Nasibu alifikishwa mahakamani kwa kumuua mzee. Na Angelina alifikishwa kwa lake, siku nyingine. Benchi zilijaa wanawake wenye vumbi la mchele kwenye nywele. Wakili wa serikali alisimama akasema shitaka la kutoa mimba linaondolewa. Hakuna aliyeomba radhi, liliondolewa tu. Kisha karani akasoma lililobaki, kwamba mshitakiwa akiwa chini ya ulinzi alimjeruhi vibaya Nasibu kwa pingu, akampofua jicho moja na kumvunja mifupa ya uso.

"Ni kweli au si kweli?" hakimu akauliza.

Wakili wa Angelina alikwisha kumfundisha kule mahabusu. Sema si kweli, mengine niachie mimi. Tangu siku ile ya hospitali kila aliyemtajia kutoa mimba alikuwa amemjibu si kweli, na ilikuwa kweli kwamba si kweli, na hakuna aliyeamini. Aliwatazama wanawake kwenye benchi. Wengine walimtikisia kichwa asijimalize. Anselmi alikuwa ameinamia magoti.

"Ni kweli, mheshimiwa," Angelina akasema. "Nilimpiga. Nilitaka afe." Wakili alishika paji la uso. "Na mtoto wangu alikuwa wa kiume."

"Mshitakiwa, hilo hujaulizwa."

"Najua, mheshimiwa. Toka siku ile sijaulizwa na mtu."

Hakimu akamwambia karani aandike kwamba mshitakiwa amekiri.